Jina la Fanani katika Orodha ya Marejeleo

Aghalabu orodha ya marejeleo huchukuliwa kuwa kazi ya karani. Mhakiki aliyetumia mwaka mzima kuchambua sitiari za mshairi mmoja hutenga jioni moja tu, ya mwisho, kupanga mabano, nukta na italiki. Dharau hiyo haina msingi. Katika mwili wa makala mtu anaweza kukwepa mambo mengi kwa ufundi wa maneno. Katika marejeleo hulazimika kutamka waziwazi ni nani mtunzi wa kazi fulani na jina lake ni lipi.

Na majina yetu hayaingii kwa urahisi katika vijisanduku vilivyochongwa kwingine. Mitindo mingi hudai jina la ukoo litangulie. Shaaban bin Robert huwa Robert, S., ingawa Robert lilikuwa jina la baba yake tu. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed hukutana chini ya Mohamed kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Henry ole Kulet huandikwa Kulet, H. O. na mmoja, na Ole Kulet, H. na mwingine. Katika Kimaasai neno hilo halina maana nyingine ila kuwa mtu ni wa fulani. Kulifupisha kuwa O. ni sawa na kufupisha kihusishi, na kuliweka mbele ni kuwarundika waandishi wa Kajiado na Narok chini ya herufi moja. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye riwaya yake *Weep Not, Child* ilitoka mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi, amekuwa watu wawili katika orodha za wasiokuwa waangalifu.

Hayo yote, hata hivyo, ni matatizo ya wale ambao majina yao yameingia. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyekuwa akiishi Kitengela alikumbana na tatizo zito zaidi. Kwa miezi kadhaa alipanda matatu kupitia Isinya hadi mjini Kajiado, na kutoka huko akatembea kwa miguu hadi bomani kwa bibi mmoja aliyekuwa bingwa wa ngano na nyimbo. Alizirekodi kwa Kimaasai, akazitafsiri kwa Kiswahili, akaandika makala. Katika marejeleo aliwataja Hollis (1905) na Kipury (1983) kwa ukamilifu, pamoja na miji ya uchapishaji. Mabano yaliyofuata kila ngano ya bibi yalisema: "Msimulizi wa 3, mwanamke, miaka 70 hivi." Mwishoni aliongeza mstari mmoja wa mahojiano. Mhariri wa jarida aliurudisha mswada akiagiza mstari huo uondolewe, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafikia mahojiano hayo.

Mhariri hakubuni kanuni. Mtindo wa APA huyahesabu mahojiano yasiyohifadhiwa kuwa mawasiliano ya binafsi, yanayotajwa ndani ya matini tu; mtindo wa MLA huyaruhusu katika orodha. Lakini mintarafu ya fasihi simulizi, kanuni ya kwanza ina athari ambayo haikukusudiwa. Hubaki mkusanyaji tu. Anayenukuu ngano ya Kimaasai kutoka kitabu cha A. C. Hollis, kilichotoka Oxford kikiwa na utangulizi wa Sir Charles Eliot, huandika Hollis, na msomaji wa orodha hana njia ya kujua kwamba kulikuwa na kinywa kingine. Hata utungo ulioandikwa hauna kinga. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, mama akimuusia binti yake. Anayetumia toleo la Werner na Hichens la 1934 bila uangalifu humweka mtungaji ndani ya anwani, na wahariri wake katika nafasi ya mtunzi.

Mwanafunzi alirudi Kajiado kumsomea bibi tafsiri kabla ya kuutuma mswada upya. Alimsomea pia mabano.

"Na mimi niko wapi hapo?" aliuliza bibi.

"Wewe ndiye wa tatu, koko. Jina limefichwa kwa usalama wako."

"Ardhi ya Kitengela ilipogawanywa nilikuwapo pia. Waliandikwa wanaume."

Hakusema zaidi, wala hapakuwa na haja. Chini ya sheria ya mwaka 1968 ardhi ya Wamaasai ilisajiliwa kuwa ranchi za vikundi, na waliosajiliwa kuwa wanachama kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume wenye miji. Ranchi ya Kitengela ilipogawanywa katika miaka ya 1980, hatimiliki zilifuata daftari hilo. Palipopita ng'ombe na nyumbu pana ploti na nyua leo. Bibi huyo alifahamu kuliko mwanafunzi maana ya kukosekana katika orodha.

Desturi ya kuficha majina imeazimwa kutoka utabibu na sayansi ya jamii, na huko ina sababu. Mgonjwa hufichwa kwa kuwa ugonjwa si utungo wake. Fanani je? Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu amweleze zitatumiwaje. Haisemi kwamba msanii asitambuliwe kwa sanaa yake. Fomu ya ridhaa ya mwanafunzi ilikuwa na ahadi ya siri tu. Haikumuuliza bibi kama angependa kutajwa.

Alipoulizwa, alikubali mara moja, na hapo ikazuka shida nyingine. Wimbo mmoja wake ulisifu tohara ya wasichana, jambo lililopigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011. Kumtaja katika ngano na kumficha katika wimbo kusingemficha. Mtindo wake ungemfichua. Bibi aliamua wimbo uachwe. Makala ikapungua kurasa mbili, na yamkini zilikuwa mbili bora.

Kigezo kilipatikana mbali. Mwaka 2021 Lorisia MacLeod, mkutubi wa Kanada, alichapisha namna ya kuwataja wazee wa jamii asilia katika marejeleo kamili: jina, jamii, makao, mada, tarehe. Mwanafunzi aliongeza anwani ya ngano, lugha ya usimulizi, na mahali iliporekodiwa. Nakala ya sauti aliiweka idarani, hivyo hoja ya kutofikiwa ikajibiwa.

Ilibaki herufi. Kitambulisho cha bibi kina jina ambalo hakuna amwitaye nyumbani. Kijijini ni Ng'oto, yaani mama wa, likifuatwa na jina la mwanawe wa kwanza. Alichagua hilo. Katika mswada uliokubaliwa ameketi baada ya Mulokozi na kabla ya Njogu, na jina la kitambulisho limewekwa kwenye mabano. Swali pekee la mhariri safari hii lilikuwa kama Ng'oto ni jina la kwanza au la ukoo.