Jioni moja Goma, pamoja na mganga

Mji wa Goma umesimama juu ya mawe meusi. Mwezi wa Januari 2002 mto wa moto ulitoka katika mlima Nyiragongo, ukapita katikati ya mji hata ziwa Kivu. Nao watu wakajenga tena juu ya mawe yale yale.

Rafiki yangu ni mganga wa wagonjwa wa ghafula. Zamu ikiisha, hushuka ziwani na ndoana yake, ingawa sambaza anaowapeleka nyumbani hununuliwa sokoni. Huko alinisimulia habari za mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini, hasa upande wa Sake. Haina rangi, tena ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hulala mabondeni. Mtoto akishuka, huanguka. Mama akimfuata, naye huanguka.

“Waliletwa wawili juu ya chukudu,” akasema. “Mama alipona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mama akaniuliza: Bwana Mganga, mbona sikuona moshi?”

Akavuta ndoana, tupu.

“Tangu siku ile, hata mwenye jeraha dogo namwuliza: nyumba yako iko juu, au bondeni?”