Ringi ya kaboni yanitoa jasho mteremko wa Soni

Kama wewe ni mtoto wa Dar na kilima unachokijua ni kile cha Chuo Kikuu tu, basi naomba unisikilize vizuri. Barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo ina kilometa zipatazo 33, na ndani ya kilometa hizo unaporomoka kiasi cha mita elfu moja. Juu Lushoto umevaa sweta, chini Mombo unatafuta kivuli na maji baridi. Katikati ni kona tupu. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na malori yanayofuata kabichi na karoti yanapanda yakipiga honi kila kona utadhani yamebeba bwana harusi.

Mimi niliiteremka kwa baiskeli. Au tuseme niliianza.

Ugonjwa wenyewe ulituingia mtaani kwetu Septemba 2025, pale Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tulikuwa tunakodolea macho simu, watu sita simu moja, tunawaona wale jamaa wanavyopanda vilima vya Kigali juu ya magurudumu meusi mapana. Wenzangu walikuwa wanaangalia miguu ya watu. Mimi nilikuwa naangalia ringi. Nikajiapiza kwamba kabla mwaka mwingine haujafika mbali, na mimi nitakuwa na ringi za kaboni.

Mpya ni mamilioni, usiniulize. Nikapata pea ya mtumba kwa laki saba kwa jamaa mmoja wa hapa hapa mjini. Akaniambia hazijawahi kugongwa wala kuanguka. Sikujiuliza kwa nini kitu cha mamilioni kinakwenda kwa laki saba. Nimekuja kujua baadaye kwamba mwaka 2018 chama cha baiskeli duniani, UCI, kiliruhusu rasmi breki za diski kwenye mbio za barabarani, na baiskeli mpya za bei mbaya karibu zote zikahamia huko. Zile ringi za kaboni zinazobanwa na raba za breki pembeni zikawa kama suruali za msimu uliopita. Si kwamba ni mbovu, hapana. Ila zina masharti, na aliyeniuzia hakunipa masharti. Alinipa ringi, nikampa mshiko, tukaagana kwa furaha.

Basi Ijumaa moja mimi na mdogo wangu tukapakia baiskeli kwenye buti la basi pale Mbezi, jioni tukawa Lushoto. Bwana wee, Lushoto! Wajerumani walipafia hapo, wakapaita Wilhelmstal, na ukikaa siku mbili unaelewa kwa nini. Mikaratusi inanukia, ukungu asubuhi unakaa mlangoni kama mgeni asiyeaga, chai ya moto inapoa kabla hujamaliza chapati. Jumamosi tukaenda hadi Irente, tukasimama kwenye ule mwamba, chini yetu nyika imetandazwa kama mkeka na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari. Mdogo wangu akanipiga picha nimeinua baiskeli juu ya kichwa. Picha hiyo ninayo, ringi zinawaka jua. Sikufichi, nilikuwa nimezizimia kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipa namba yake.

Jumapili asubuhi ndiyo tukaanza kushuka. Kutoka Lushoto hadi Soni mambo si mabaya, mteremko unakuja na kuondoka. Soni yenyewe ina maporomoko ya maji kando ya barabara kabisa, tukasimama, tukanunua mapeasi, tukajidai kidogo mbele ya watoto waliokuja kugusa baiskeli. Balaa linaanzia Soni kwenda chini. Hapo barabara inajipenyeza kwenye korongo na haipumziki.

Sasa mimi, kwa kuogopa, nikashika breki. Nikazishika na sikuziachia. Kona baada ya kona nimebana tu, breki ya mbele na ya nyuma, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Mdogo wangu mwenye ringi zake za alumini za kizamani alikuwa mbele, anabana, anaachia, anabana, anaachia, hana wasiwasi. Baada ya kama kilometa nne hivi nikasikia harufu, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Halafu breki ya mbele ikaanza kunipiga mkononi: tup, tup, tup, kila gurudumu likizunguka mara moja. Nikasimama. Nikagusa ringi, nikautoa mkono haraka kwa moto.

Ilipopoa nikaiona. Sehemu ya upana wa vidole vitatu ukuta wa ringi ulikuwa umetuna kwa nje, na chini yake kuna mstari, mwembamba kama unywele. Ndiyo hiyo tu. Ukiipita haraka huioni.

Mdogo wangu akarudi akipanda kwa miguu. Nikamwambia, "Imechubuka kidogo tu, twende polepole." Akaniangalia, akaangalia korongo, hakujibu. Akakaa juu ya jiwe. Alikuwa amenigomea, na ni vizuri alinigomea maana mimi nilishaanza kuvaa kofia. Mwisho tukakubaliana: yeye alinde baiskeli, mimi nichukue bodaboda na lile gurudumu, nirudi Soni kutafuta fundi.

Fundi nilimkuta chini ya mti, mzee mmoja ana ndoo ya maji ya kutafutia pancha, spana za spoki zimening'inia kwenye waya, na baiskeli kama nane zinamsubiri. Nikampa shikamoo, nikampa gurudumu. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipima uzito, akacheka. "Hili si ndege hili?" Nikamweleza kwamba ni kaboni, kwamba limetuna kidogo, kwamba labda apake gundi ile ya chupa mbili, afunge na waya, tufike Mombo tu.

Hakunijibu. Akachukua sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni, akaanza kugonga ringi taratibu, kidogo kidogo, huku ameinamisha sikio. Ti, ti, ti, ti. Alipofika pale penye uvimbe, ikawa to. Akaendelea, ti, ti. Akarudi, to. Akagonga mara tatu ili na mimi nisikie.

"Mwanangu," akasema, "mama yako akienda sokoni kununua chungu hufanyaje?"

Nikasema hukigonga.

"Kikilia hivi hununua?"

Nikanyamaza. Mzee yule hakuwahi kuishika kaboni maisha yake, aliniambia mwenyewe, lakini alichokifanya ndicho wanachokifanya hata mafundi wa Ulaya wanaozitengeneza baiskeli hizo. Kaboni ni nyuzi nyembamba kuliko unywele wa kichwa, zimelazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu. Zikishikana, sauti inalia. Tabaka zikiachana ndani, sauti inakufa, hata kama nje panang'aa. Na kinachoziachanisha kwenye ringi za breki ni joto. Alumini inalitawanya joto upesi, kaboni hailitawanyi, linakaa pale pale. Ile gundi ikizidi moto inalegea, na upepo wa tairi uliojazwa hadi mwisho unausukuma ukuta nje. Mimi nilikuwa nimejaza upepo hadi mwisho, nimebana breki bila kuachia, na juu ya hayo yote nilikuwa nimeacha raba zangu za zamani, za alumini. Ringi za kaboni zina raba zake maalumu ambazo hazichemki upesi. Hilo ndilo sharti ambalo sikupewa. Na mimi sikuuliza, maana niliogopa kuonekana mshamba.

Nikambembeleza mzee. Nikamwambia nitalipa elfu thelathini. Kwa Soni, kwa kazi ya nusu saa, hiyo ni ngawira ya maana. Akatikisa kichwa.

"Chuma kikipinda kinakupa habari mapema. Unaona kinayumba, unakinyoosha, unaendelea. Hiki hakikwambii. Hiki kinakatika tu. Gurudumu la mbele, mteremko huu! Kesho watu watauliza, fundi nani alilifunga?" Akanirudishia gurudumu langu.

Kisha akaingia nyuma ya kibanda, akatoka na gurudumu la alumini alilolifungua kwenye baiskeli ya mtumba, limekwaruzwa, spoki mbili si za rangi moja. Akasoma namba kwenye tairi langu, akasoma na kwenye lake, 700 kwa 700. Akahamisha tairi na tyubu, akazungusha ringi akiwa amefumba jicho moja, akakaza spoki hapa, akalegeza pale. Elfu ishirini na tano, nimeuziwa, si kuazimwa. Elfu thelathini yangu aliyoikataa kwa gundi, alinirudishia chenji yake elfu tano kamili.

Nilivyorudi kwa mdogo wangu akaifunga mwenyewe, akavuta waya wa breki kidogo, akazungusha. Raba zangu za alumini sasa zilikuwa zimempata mwenzao. Tukashuka. Safari hii nilibana na kuachia, nabana kabla ya kona, naachia ndani yake, na gurudumu lile bovu la mamilioni nimelifunga mgongoni kwa mpira kama mtoto. Wauza matunda wa Mombo walinishangaa sana.

Ungedhani mkasa umeishia hapo. Haukuishia. Nilipofika Dar nikawa na gurudumu ambalo nje linang'aa na ndani limekufa. Kuna mafundi duniani wanaotengeneza fremu za kaboni zilizopasuka, wanakwangua, wanalaza tabaka mpya, zinadunda tena. Lakini ukuta wa ringi, pale breki inapobana na tairi inaposukuma, wengi wao hawaugusi. Kampuni nyingine zinazotengeneza ringi hizi huwapunguzia bei ya mpya wateja waliovunja, ila kwa kawaida ni kwa yule aliyenunua dukani na risiti yake. Mimi risiti yangu ilikuwa kupeana mkono.

Wiki ya pili kijana mmoja wa mtaa wa tatu akanitumia ujumbe. Ameiona ile picha ya Irente. Anaambiwa nauza. Yuko tayari kutoa laki tano kwa pea, hajawahi kumiliki kaboni. Nikamwambia njoo.

Alikuja jioni. Akalishika lile la mbele kwa mikono miwili, akalipima uzito, akacheka kama mzee wa Soni alivyocheka. Akalizungusha. Lilipita mbele ya macho yake lote, na ule mstari, na hakuuona. Akauliza, "Limewahi kugongwa, kaka?" Na mimi nilikuwa na jibu zuri kabisa, tena la kweli, kwamba halijawahi kugongwa wala kuanguka. Maneno yale yale niliyouziwa nayo.

Nikatoa sarafu. Nikamgongea ti, ti, ti, mpaka ikafika to. Akanitazama hajaelewa. Nikagonga tena, nikamshikisha sarafu yeye mwenyewe. Alipopata ile sauti, akaliweka gurudumu chini taratibu. Hata la nyuma hakulitaka. Sikumlaumu.

Usiku huo nikafunga kitambaa puani, nikalimwagia maji, maana vumbi la kaboni si la kuvuta kifuani, nikakata ringi kwa msumeno wa chuma vipande viwili. Lilichukua muda mfupi kuliko nilivyofikiri. Habu na spoki nimezitoa salama. Habu inangoja ringi ya alumini yenye matundu yanayolingana, na kazi ya kuifunga tayari ina fundi wake. Nimeshampigia. Ameniuliza kwanza kama lile ndege nimelikata.