Mtungi wa Maji Usibebe Petroli

Je, umewahi kusukuma gari usiku, mtoto anayeugua pumu akihangaika kupumua kwenye kiti cha nyuma? Mimi nimewahi, hapa Riruta, kwenye Barabara ya Naivasha. Gari lilitikisika, likakohoa, likazima. Jirani aliyekuwa akipita ndiye aliyetufikisha hospitalini, na mtoto akapata nafuu.

Asubuhi fundi alitoa mafuta chini ya tangi, akayatia katika chupa. Punde si punde maji yakatulia chini, petroli ikaelea juu. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimenunua petroli kwa mtungi tunaowekea maji mifereji inapokauka, na sikuukausha.

Maji ni mazito kuliko petroli. Hukaa chini ya tangi, na huko ndiko pampu inakofyonza mafuta. Injini haiwezi kuyachoma, na tangi la chuma hushika kutu.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, tenga mtungi wa petroli, na usiurudishe kamwe kwa maji ya kunywa. Kagua mpira wa kifuniko cha tangi kabla ya mvua za masika. Usilaze gari likiwa na mafuta kidogo. Baridi ya Julai hugeuza unyevu wa hewa iliyo ndani ya tangi kuwa matone. Ukikuta lori likishusha mafuta kituoni, nenda kwingine, kwani uchafu wa chini hutibuka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami ukuta huo niliujenga usiku, mtoto akiwa mgonjwa.