Anayeacha kazi ni bei ya dhahabu

Jamani, hapa Mpanda mtu haachi kazi kwa hasira zake mwenyewe. Anaachishwa na bei ya dhahabu. Wewe wa Dar utabisha, lakini nisikilize kwanza.

Mwaka 2011 wakia moja ilipogonga dola 1,900, kaka yangu alikuwa karani dukani. Siku hiyo kamkabidhi bosi funguo, huyoo, machimboni! Mtaa mzima ulimsifu: mwanaume wa shoka. Hata mjomba, ambaye kazi yake ni kulaumu, alimchangia nauli.

Mwishoni mwa 2015 wakia ikaporomoka chini ya dola 1,100. Serikalini nako, 2016 ajira zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na 2017 wenye vyeti feki zaidi ya 9,900 wakafyekwa. Vyuma vikakaza kweli kweli. Mimi nilikuwa nauza spea kwa bosi mmoja, jina namhifadhia. Mshahara wa Machi aliulipa Mei, ila matusi alilipa kila siku, tena bila kukata kodi. Nikamwambia mama nataka kuacha. "Uache, uende wapi?" Majirani wale wale waliomshangilia kaka wakaniona nimechanganyikiwa. Nilipobaki wakaniita kijana mtulivu. Utulivu gani? Njaa tu!

Kaka hakunizidi ujasiri hata chembe. Yeye alijua shimo likigoma atapata kaunta nyingine, maana pesa ilikuwa inazunguka mjini. Nyuma yangu mimi walisimama watu kumi wanakitamani kiti changu, na bosi aliwaona. Ndiyo maana alitukana kwa raha zake.

Basi Oktoba 2025 wakia ikavuka dola 4,000. Ghafla bosi huyo huyo kapata adabu! "Kijana wangu, umekula?" Mshahara tarehe 30, haichelewi hata siku.

Barua nimeshampa, notisi ya siku 28. Siendi kuchimba, mgongo wenyewe huu! Naenda Ibindi kuuza spea za karasha. Mama kauliza bei ikishuka je. Nimemwonyesha akiba ya miezi minne, kaihesabu mwenyewe, kisha kanyamaza.

Bosi naye kaniomba nimtafutie mtu wa kukaa nafasi yangu. Wiki ya pili hii natafuta. Kila ninayemgusa ananijibu, "Kaka, kwani huko Ibindi hamna nafasi?"