Mashini ya Papa Direkta yafunguka Sandoa

Sandoa, jimbo la Lualaba. Kwa miaka mitatu mashini ya marehemu Papa Direkta ililala chini ya kitanda cha mjane wake, imefungwa ndani ya kitenge. Watoto walikatazwa kuigusa. Ukiiwasha, kioo kinakuwa cheupe, alama ya tofaa inatokea, mstari mdogo unajaa mpaka nusu, kisha mashini inajizima yenyewe. Kila mara vile vile.

Jamaa hii ilifika Sandoa mwaka 2017 ikitoka upande wa Luiza, wakati vita ya Kamuina Nsapu ilipovuruga Kasai. Walipita Kapanga kwa miguu. Papa alikuwa direkta wa shule ya msingi. Baiskeli aliiacha, mbuzi aliwaacha, lakini ordinateri aliyopewa na mdogo wake wa Ubelgiji aliibeba ndani ya gunia, katikati ya unga wa muhogo. Watu walimcheka njiani. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanafunzi wake wote wa miaka minne, pamoja na pointi zao. Madaftari ya shule yalibaki nyuma, na shule yenyewe ikaungua.

Papa alifariki kabla ya kuyachapa kwenye karatasi. Baadaye mashini nayo ikagoma.

Mama aliituma Kolwezi na dereva wa lori. Jibu lilirudi na dereva yuleyule: tunaweza kuweka programu mpya, lakini vyote vilivyo ndani vitafutika, ama nunua nyingine. Mama alipiga simu akawaambia kwamba hiyo nyingine haitakuwa na majina ya watoto.

Aliyeifungua ni kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na soko la Sandoa, mwenye meza moja na plake moja ya jua. Alisikiliza namna mashini inavyojizima, akasema, "Mama, hii mashini haikufa hapana. Diski iko muzima, ni kichwa tu njo kiliharibika."

Kila ordinateri ina programu kubwa inayoiamsha na kuongoza kazi zake zote. Katika mashini za Apple, programu hiyo inatoka kwa kampuni ileile iliyotengeneza chuma, na sehemu kubwa ya maandishi yake ya ndani haitolewi nje. Iko nyingine inayoitwa Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Hiyo maandishi yake yako wazi: yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kumgawia jirani. Aina yake mojawapo, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Unaipata bila kulipa. Inaingia ndani ya fleshi moja, na fleshi hiyo inaweza kuamsha mashini bila kufuta kitu chochote kwenye diski. Kwa Mama, hilo la mwisho ndilo lililokuwa na maana.

Kijana aliingiza fleshi, akawasha mashini huku ameshika kibonye cha Alt. Mashini za zamani za Apple zenye chipu ya Intel zinakubali hivyo: zinaonyesha milango iliyopo, wewe unachagua. Akachagua fleshi. Baada ya dakika chache kioo kikawa na rangi, na diski ya Papa ikaonekana.

Folda yake ilikuwa na alama ya kufuli, kwa sababu Linux ilimwona fundi kama mgeni. Aliandika amri inayompa haki za mkubwa wa mashini, ikafunguka. Hapo kulikuwa na bahati pia. Kama Papa angefunga diski nzima kwa neno la siri, Linux isingeweza kitu bila neno hilo.

Mama alitaka kuona majina palepale. Kijana alikataa. "Tukopie kwanza, Mama. Diski hii imechoka." Alikopia mara mbili, kwenye fleshi mbili, ndipo akafungua majedwali kwa LibreOffice. Hiyo ni ndugu ya OpenOffice, ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice.

Kitu kimoja tu kilikataa: Wi-Fi. Chipu ya Wi-Fi ya mashini ile ni ya Broadcom, na inataka kipande cha programu cha kampuni, kisicho wazi. Kipande hicho kinapatikana kwenye intaneti, nawe unakitafuta kwa sababu huna intaneti! Kijana aliunga simu yake kwa kamba ya USB, mashini ikapata mtandao kupitia simu, kipande kikashuka polepole mpaka usiku. Programu inaweza kuwa huru, na chuma kikabaki na siri zake.

Mashini mpya za Apple ni ngumu zaidi. Tangu Novemba 2020 kampuni hiyo inaweka ndani yake chipu zake yenyewe, kuanzia M1, bila kutoa kitabu kinachoeleza zinavyofanya kazi. Kundi la Asahi Linux, lililoanzishwa na Hector Martin, lilitengeneza programu ndogo inayokaa chini ya mfumo wa Apple na kusikiliza unavyoongea na kila sehemu ya mashini, kama vile mkimbizi anavyojifunza Kichokwe kwa kukaa sokoni bila mwalimu. Machi 2022 walitoa toleo la kwanza la kujaribiwa. Lakini diski za mashini hizo zinafungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya chipu. Kama Papa angepewa moja ya hizo, fleshi ya Sandoa isingeokoa jina hata moja.

Inauma kidogo kusikia haya ukiwa Lualaba. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, nyingi upande wa Kolwezi, na inaingia katika batri za mashini kama hizi. Jiwe linatoka, kitabu cha chipu hakirudi.

Kwa wenye mashini za Windows: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na ordinateri nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Nyingi kati yake zinakubali Linux. Anayetaka kununua mashini iliyotumika aombe kuijaribu kwa fleshi kabla ya kulipa: sauti, klavie, na hasa Wi-Fi.

Majina yalichapwa, kurasa kumi na moja. Shule moja ya hapa ilisema kwamba karatasi bila muhuri si buletini, ila itampima mtoto na kuangalia pointi hizo kama msaada. Habari ilienea, na Jumapili baada ya misa jamaa za Luiza zilikaa uani kwa Mama, kila mmoja akingoja kusomewa.

Baba mmoja alikuja kutafuta watoto watatu. Wawili walipatikana. Wa tatu alianza kalasi ya kwanza Septemba 2016, na Papa hakuwahi kuuandika mwaka huo. Mama aliomba biki, akaliandika jina lake chini ya ukurasa wa mwisho.