Gari la Marehemu: Lifufuliwe au Liachwe?

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Msemo huo wamfaa mtu wa Michigan, Marekani, aliyeachiwa na marehemu baba yake gari la Ford Mustang la mwaka 1965. Gari limelala bandani miaka mingi, na ndugu wamegawanyika: huyu ataka lifufuliwe kwa heshima ya mzee, yule ataka liuzwe kabla halijameza akiba ya nyumba.

Aghalabu mrithi hukimbilia kufungua boneti. Injini isiyowaka humvunja moyo, na rangi ing'aayo humpa matumaini. Yote mawili humdanganya. Injini huweza kufumuliwa na kuundwa upya, au kubadilishwa kabisa. Rangi nayo huweza kuficha matundu yaliyozibwa kwa pati.

Hapana budi aanzie chini. Mustang hiyo haina chesisi ya pekee kama Chevrolet ya mwaka 1957. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Nayo majimbo ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi huharakisha kutu. Basi na ainue zulia, agonge sakafu na mihimili kwa bisibisi, kisha apitishe sumaku ubavuni: isiponata, chini ya rangi mna pati wala si bati. Halafu amwage maji kwenye matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo. Yakichuruzika miguuni mwa abiria, kutu imekwisha kula mahali asipopafikia fundi ila kwa kukata bati na kuchomelea jingine.

Iko pia hesabu ya thamani. Kabla ya miaka miwili kutimia tangu Aprili 1964, Mustang zaidi ya milioni moja zilikwisha kuundwa. Uzee pekee hauleti bei. Alama ya tano katika namba ya gari ndiyo isemayo: T ni injini ya kawaida ya silinda sita, K ni ya silinda nane yenye nguvu za farasi 271, itafutwayo sana.

Bodi ikiwa nzima, lifufuliwe, hata injini ikiwa imekufa. Bodi ikiwa imeliwa, ndugu waulizane waziwazi: walipia gari au walipia kumbukumbu? Kuilipia kumbukumbu si aibu, mradi asiwepo wa kuwaahidi wenzake kwamba fedha hiyo itarudi siku ya kuuza.