Biashara Street, Kipimo cha Miguu

MTU aliyelazwa kwa kiharusi au kwa kuvunjika mguu huhesabiwa amepona siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Lakini, msomaji, kutembea ndani ya wodi yenye sakafu tambarare, mtaalamu akiwa kando tayari kukudaka, si kutembea mjini. Kama mgonjwa wako ni mtu wa Mombasa, mtihani wake hasa uko Biashara Street.

Ukiiacha Digo Road, si mbali na soko la Marikiti, unalakiwa na leso zilizotundikwa milangoni kulia na kushoto. Hapa ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye leso za chapa ya Mali ya Abdulla, lililoanza biashara mwaka 1887. Mama wa Mombasa mwenye harusi huja mwenyewe, akapapasa kitambaa, akasoma jina la leso, kisha akatafuta fundi wa kuzipinda. Asipoweza kufika, hakukosa matembezi tu. Wengine watamchagulia rangi na maneno, na kauli yake katika shughuli za ukoo itaanza kufifia.

Njia yenyewe haina huruma. Tuktuk inapiga honi nyuma yako, hamali anasukuma mkokoteni mbele yako, na gari lililoegeshwa linakulazimisha ushuke barabarani.

Je, utajuaje kama mgonjwa yu tayari? Mwaka 1995, Jacquelin Perry na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 147 wa kiharusi. Waligundua kwamba mwendo peke yake hueleza mengi. Nawe waweza kupima: weka alama mbili uani, mita 10 baina yake, ushike saa. Anayetumia zaidi ya sekunde 25 kwa kawaida miguu yake ingali ya ndani ya nyumba. Anayetumia chini ya sekunde 13 aghalabu aweza kuzunguka mjini. Aliye katikati atatoka, ila kwa mipaka. Hiki ni kipimo cha kukuongoza. Mtaalamu wake wa mazoezi ndiye wa kuamua.

Akiruhusiwa, mpeleke asubuhi, kabla ya jua kali na msongamano. Mkongojo ashike kwa mkono wa upande ulio mzima. Wewe kaa upande dhaifu, nyuma kidogo, wala usimvute. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na ulio dhaifu hutangulia kushuka. Champali aziache nyumbani, avae kiatu kinachoshika kisigino. Buibui au kanzu isiburure chini.

Siku ya kwanza duka moja latosha. Aombe kiti, apumzike, aamkiane na watu, arudi. Juma lijalo maduka mawili. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna kikwazo kingine ambacho mkongojo hauwezi kukiondoa: sisi wenyewe. Wako wanaomficha mgonjwa ndani kwa kuona haya, na wako wanaomwandama kwa pole nyingi hata akatamani asingetoka. Mwulize bei za leso zimefikia wapi, kama ulivyomwuliza kabla hajaugua.

Na wako ambao hawatatembea tena. Hao nao Biashara Street ni yao, kwa kiti cha magurudumu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia ifaayo, na kutumia usafiri wa umma. Kwa hiyo, mwenye duka, ubao wa mteremko mlangoni pako si sadaka. Nawe mwenye gari, unapoegesha pale wapitapo watu kwa miguu, kumbuka yuko mtu aliyefanya mazoezi miezi mizima ili apite hapo.